Masikio Yakivuma: Hatua za Kuuelewa Mlio na Kuukata Mzunguko wa Msongo

Huu ni mlio usiosikiwa na mtu mwingine ila mwenye nao. Mmoja huusikia kama filimbi nyembamba isiyokata pumzi, mwingine kama nyenje, mwingine kama mvumo wa mashine iliyo chumba cha pili. Mchana humezwa na shughuli. Usiku, taa ikishazimwa na sikio likishalalia mto, hujitokeza wazi, na mtu huanza kuutegea, kuupima na kuuogopa.

Kama ndiyo kwanza umeanza kuusikia, ujue kwamba mlio wenyewe mara nyingi si hatari, na hauko peke yako. Takriban asilimia 14 ya watu wazima duniani huupata. Wanaosumbuliwa nao vikali ni wachache zaidi, kama asilimia 2. Ungedhani hao wachache ndio wenye mlio mkubwa kuliko wengine, lakini sivyo. Wataalamu wakilinganisha mlio wa mgonjwa na sauti za mashine, mara nyingi hukuta umezidi kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) chache tu kile kiwango cha chini kabisa anachoweza kusikia. Watu wawili wanaweza kuwa na mlio wa nguvu ile ile, mmoja akalala fofofo na mwingine akakesha. Kinachowatofautisha zaidi ni jinsi ubongo unavyoupokea mlio huo, na hapo ndipo msongo wa mawazo unapoingia. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu hofu, misuli na usingizi kuliko sikio lenyewe. Lakini sikio huanza kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo la dharura

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa mlio umeambatana na mojawapo ya haya: usikivu umeshuka ghafla, yaani ndani ya saa chache hadi siku tatu, uso umelegea upande mmoja au mkono umekosa nguvu, una kizunguzungu kikali kisichokuruhusu kusimama, au mlio ulianza baada ya kuumia kichwa.

Naomba uzingatie sana hilo la usikivu kushuka ghafla, kwa sababu wengi hupoteza sikio kwa kungoja. Mtu huamka asubuhi sikio moja limeziba na linavuma, akadhani ni nta au mafua, mwezi ukapita. Hali hii hutibiwa kwa dawa za steroidi, na dawa hizo husaidia zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Chukua simu yako, isikilize kwa sikio hili, kisha uihamishie sikio la pili bila kubadilisha sauti. Ikiwa upande mmoja sauti imefifia sana au imepotea, usingoje kesho.

Kama mlio umekufikisha mahali pa kuwaza kujidhuru, hiyo nayo ni dharura kamili. Mwambie mtu wako wa karibu leo hii, na muende pamoja kwenye kituo cha afya. Watu hutoka katika hali hiyo kwa matibabu.

Yako mengine yasiyo ya leo, lakini yanahitaji daktari wa masikio, pua na koo ndani ya wiki chache. Mlio wa sikio moja tu ni mmojawapo, kwa kuwa mara chache huletwa na uvimbe kwenye neva ya kusikia. Usaha au maumivu sikioni ni jingine. Vivyo hivyo vipindi vya kizunguzungu vinavyokuja pamoja na sikio kujaa na kusikia kupungua, hali iitwayo ugonjwa wa Ménière kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861.

Usiupuuze pia mlio unaodunda. Kaa kimya, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha sikiliza. Mlio ukipiga sawasawa na mshipa, yaelekea unasikia damu ikipita, na daktari atataka kupima presha, wingi wa damu mwilini, tezi ya thairodi, na pengine mishipa ya shingo na kichwa.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo kinachoweza kuondolewa

Nta iliyogandamana huziba sikio na kuleta mvumo, na ikitolewa na mhudumu wa afya mara nyingi mvumo hupungua au huisha. Usiichokonoe kwa kijiti cha pamba, pini wala kifuniko cha kalamu, maana huisukuma ndani hadi kwenye ngoma ya sikio. Mishumaa ya masikio, ile inayochomekwa sikioni na kuwashwa, haitoi nta, inachoma tu.

Pitia dawa zako. Kwinini inajulikana kwa kuvumisha masikio, na aspirini ya dozi kubwa vilevile. Mara nyingi mlio wa hizo mbili hutulia dozi ikiisha. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni nazo zaweza kuuleta. Antibiotiki za sindano kama jentamaisini na streptomaisini, pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini, huweza kudhuru sikio moja kwa moja na madhara yakabaki. Mwambie daktari kila unachokunywa, lakini usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kisha jaribu taya na shingo. Kaza meno kwa sekunde chache. Sukuma taya mbele. Geuza kichwa polepole kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda, ukishuka au ukibadilisha sauti wakati wa miondoko hiyo, misuli ya hapo inauchangia, na daktari wa meno au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukusaidia. Wanaosaga meno usingizini mara nyingi hujikuta hapa, na kusaga meno huzidi mtu akiwa na msongo.

Kwa walio wengi chanzo ni kelele za miaka mingi au umri, na hakiondoki. Hata hivyo omba kipimo cha usikivu. Upungufu mdogo wa kusikia, ambao mwenyewe hauujui, ndio unaokutwa mara kwa mara nyuma ya mlio, na kuujua kunabadilisha tiba.

Hatua ya 3: Elewa msongo unavyoushika mlio

Ningekuomba usiiruke sehemu hii ukikimbilia mazoezi, kwa sababu mtu asiyeelewa kinachotokea huendelea kuogopa, na hofu ndiyo kuni za moto wenyewe.

Ndani ya kila sikio, kwenye kiungo kiitwacho koklea, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Ubongo ukikosa ishara za masafa fulani, yaani za sauti za wembamba au unene fulani, haukai kimya: huongeza nguvu ya kusikiliza ili kufidia, na katika kuongeza huko huanza kuusikia mchakato wake wenyewe wa neva. Mlio unatengenezwa humo, hata kama sikio ndilo lililoanzisha.

Tena jambo hili halihitaji hata ugonjwa. Mwaka 1953, Morris Heller na Moe Bergman waliwaingiza watu wazima 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti. Baada ya dakika chache tu, asilimia 94 yao walisema wanasikia milio na mivumo. Mwaka 2012 watafiti wengine waliwaziba watu 18 sikio moja kwa siku saba. 14 kati yao walianza kusikia mlio usiokuwapo, nao ukatoweka walipozibuliwa. Ukimya ukizidi, ubongo hujitafutia sauti.

Sasa tuje kwenye msongo. Ubongo husikia mengi kuliko yanayofika kwenye fahamu zako, na huchuja kwa kuuliza kama sauti hii ni muhimu. Mzazi aliyelala haamshwi na gari linalopita, lakini mtoto akikohoa chumba cha pili huamka. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, inayoshughulika na hofu, ina usemi mkubwa katika uchujaji huo. Siku mlio ulipoanza, kama ulikukuta umefiwa, una deni, mitihani imekaribia au ndoa ina mgogoro, uwezekano ni mkubwa kwamba ubongo uliokuwa tayari unatafuta hatari uliupokea kama hatari. Tangu hapo, kila ukisikika, mwili hutoa adrenalini na kortisoli, homoni za msongo. Moyo hudunda, taya na shingo hukaza, usingizi hukatika. Mwili uliochoka na kukaza huusikia mlio zaidi, na ukisikika zaidi hofu huongezeka. Mtafiti Pawel Jastreboff aliuchora mzunguko huu mwaka 1990, na tiba nyingi za leo zimejengwa juu yake.

Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa na daktari kwamba masikio yake ni mazima naye anateseka kweli. Hajidanganyi, na hana wazimu. Msongo hauhitaji kuliharibu sikio ili mlio uzidi. Unatosha kuupa umuhimu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ubongo huacha kuijali sauti usiyoiona tena kuwa na maana. Umeshaacha kuusikia mvumo wa friji na saa ya ukutani, ingawa vipo. Mlio nao hufika huko kwa watu wengi, kwa miezi badala ya siku. Kuulazimisha hakusaidii, kwa kuwa kulazimisha ni kuuangalia.

Hatua ya 4: Usikae kwenye ukimya

Wengi hufanya kinyume: hufunga milango, huziba masikio, hutafuta utulivu. Ukimya unaupandisha mlio. Weka sauti nyepesi, isiyo na ujumbe, karibu nawe muda mwingi wa siku na usiku: feni, mvua iliyorekodiwa, maji yanayotiririka, muziki usio na maneno.

Kiwango cha sauti hiyo kina maana kubwa. Usiipandishe hadi mlio ufunikwe kabisa. Ipandishe polepole hadi uanze kusikia vyote viwili, kisha ishushe kidogo, mlio ubaki juu yake kwa unyoya tu. Ubongo hauwezi kuuzoea mlio usiousikia, na sauti kubwa masikioni usiku kucha ni dhara jipya.

Ukipimwa na kukutwa na upungufu wa kusikia, kifaa cha kusaidia kusikia huenda kikakufaa kuliko kitu kingine chochote. Kinaurudishia ubongo sauti zilizokosekana, na hivyo kupunguza sababu ya kujitengenezea zake. Watu hukikataa kwa kuona aibu, nami naona ni hasara, kwa kuwa kusikia kwa shida mazungumzo ya kutwa nzima ni msongo wenyewe.

Hatua ya 5: Ufundishe mwili kulegea

Fanya zoezi hili mara mbili kwa siku, kwa saa maalumu, bila kujali mlio ukoje. Ukilifanya tu mlio unapopanda, linageuka silaha ya vita, na vita ndivyo tunavyovikimbia.

Washa sauti nyepesi. Kaa umeegemea, miguu chini. Anza na taya: gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, funga midomo, acha nafasi ndogo kati ya meno ya juu na ya chini. Wengi hugundua hapa kwamba walikuwa wameng'ata meno tangu asubuhi. Shusha mabega. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, tumbo likipanda na si kifua. Itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Ukihesabu kwa sekunde utapata pumzi sita kwa dakika. Endelea kwa dakika tano. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili hupata ujumbe kwamba hatari haipo. Ukisikia kichwa chepesi, unavuta hewa nyingi kupita kiasi, punguza kina.

Kisha kaza kundi moja la misuli kwa sekunde tano na uliachie kwa sekunde 10 au 15: ngumi, mikono, mabega, paji la uso, tumbo, miguu. Daktari wa Marekani Edmund Jacobson ndiye aliyeeneza njia hii karne iliyopita. Mwenye kidonda, mgongo mbaya au ujauzito apite polepole au aruke sehemu inayouma.

Mlio utakuwepo wakati wote wa zoezi. Uache uwepo. Unachokifanya ni kuuwezesha ubongo kuusikia mlio ndani ya mwili uliotulia, mara nyingi, hadi uhusiano wa mlio na hofu ulegee.

Matembezi ya kila siku ya kasi ya wastani husaidia pia, kwa usingizi na kwa hali ya moyo.

Hatua ya 6: Kamata maneno unayojiambia

Tiba yenye ushahidi mzito zaidi kwa mateso ya mlio ni tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na tabia, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa CBT. Haiuzimi mlio, inapunguza jinsi unavyokuumiza. Ukiweza kumpata mwanasaikolojia anayeijua, mwendee. Ukikosa, sehemu yake unaweza kuianza kwa kalamu na karatasi.

Mlio ukikukera, andika mambo matatu: ulikuwa unafanya nini, wazo gani lilipita kichwani, na uliogopa kiasi gani kati ya sifuri na kumi. Mfano: "Saa nane usiku, nimeamka. Wazo: sitalala tena, kesho nitaharibu kazi, hii itanitia wazimu. Hofu: tisa." Sasa jibu wazo hilo kwa ushahidi kutoka maishani mwako. Je, tangu mlio uanze hujalala hata usiku mmoja? Siku zile ulizolala vibaya, kazi iliharibika yote, au ulifanya polepole tu? Andika jibu la haki, lisilo la kujifariji kwa uongo: "Mlio upo na unakera. Usiku wa juzi ulikuwepo nikalala kabla ya alfajiri. Kesho nitachoka lakini nitafika." Pima hofu tena. Ikishuka kutoka tisa hadi sita, hilo ni jambo kubwa.

Angalizo: andika wazo, usiandike ukubwa wa mlio. Daftari la kurekodi kila saa mlio umefika wapi ni kuuangalia kwa ratiba. Kujipima mara moja kwa wiki kunatosha, nako upime mambo kama "nililalaje" na "niliacha nini kwa sababu ya mlio".

Hilo la kuacha mambo lina uzito. Aliyeacha kwenda ibadani, kukutana na rafiki au kusoma kwa sababu ya mlio anauambia ubongo wake kila siku kwamba kuna hatari. Rudisha jambo moja moja, ukianza na rahisi.

Hatua ya 7: Linda usingizi

Amka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Ukiwa kitandani na umeona kama dakika 20 zimepita huku macho makavu, ondoka, kaa sehemu nyingine kwenye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha kidogo, rudi usingizi ukija. Kitanda kisiwe mahali pa kupigania usingizi. Pombe humlaza mtu haraka ikamwamsha usiku wa manane, saa ambayo mlio una nafasi yote. Kahawa haijathibitika kuzidisha mlio, lakini ya jioni huharibu usingizi. Ukitaka kuipunguza, ipunguze kidogo kidogo, maana kuikata ghafla huleta kichwa kuuma.

Hatua ya 8: Kinga isiyopita kiasi

Sikio linaweza kuhimili desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo hupungua nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 100 ni dakika 15. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, ujue umevuka. Vaa vizibo vya masikio kwenye mashine, muziki mkubwa na fataki. Usivivae sokoni, ofisini au nyumbani: sikio lililozibwa katika sauti za kawaida huzidi kuwa jepesi kuumizwa na sauti, na mlio hupanda.

Hatua ya 9: Pesa yako iweke mahali pake

Hakuna kidonge kilichothibitika kuuzima mlio. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, kilipendekeza wagonjwa wasipewe ginkgo biloba (dawa ya mmea), zinki, melatonini (homoni ya usingizi) wala virutubisho vingine kwa ajili ya mlio. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 nao ulisema dawa iitwayo betahistini isitolewe kwa mlio peke yake. Anayekuahidi kuuponya kwa matone ndani ya siku saba anachukua pesa ya mtu aliyekata tamaa. Ila msongo ukiwa umefika kwenye sonona au wasiwasi mkubwa, hizo ni hali zenye tiba yake, na zikitibiwa mzigo wa mlio hupungua nao.

Mlio ukipanda baada ya kutulia

Utapanda tu, siku fulani, hata baada ya wiki nzuri. Usianze kutafuta majibu kwenye simu usiku huo. Jiulize: nimelalaje siku mbili hizi? Nilikuwa kwenye kelele? Nina mafua yaliyoziba pua na masikio? Nimeanza dawa mpya? Kuna jambo linalonielemea ambalo sijamwambia mtu? Mara nyingi jibu huwa mojawapo la hayo, na mlio hushuka ndani ya siku kadhaa ukirudi kwenye sauti nyepesi, pumzi na ratiba ya kulala. Usiongeze sauti ya kufunika, wala usifute miadi ya kesho. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au ukiona dalili yoyote ya hatua ya kwanza, mrudie daktari na karatasi zako za mawazo mkononi, pamoja na majina ya dawa zote unazotumia.